Dhahabu na vito vyako: vijue kwanza ndio uvisafishe

Harusi zikikaribia hapa Lamu makasha yanafunguliwa, kila mwanamke anatoa alichoachiwa na mamake na bibi yake, na kila mtu anataka ing'are kabla ya siku ya kupamba. Basi hapo ndipo utaona dawa ya meno, limau, majivu, beking soda, wengine mpaka jiki, vyote vinapitishwa juu ya pete moja. Mimi naisema wazi jamani, vitu vyetu vingi haviharibiki kwa kuvaliwa, vinaharibika kwa kusafishwa. Dhahabu yenyewe haishiki kutu, lakini lulu iliyokaa shingoni mwa bibi yako miaka na miaka yaweza kumalizwa na limau moja usiku mmoja.

Kwa hivyo hapa tunaanza na kujua ulicho nacho, maji na sabuni baadaye. Usiruke hatua tatu za mwanzo hata kama una haraka, manake ndizo zinazookoa mali.

Hatua ya 1: mwaga zote kwenye kitambaa cheupe

Fanya mchana, penye mwanga. Chukua sinia, tandika kitambaa cheupe ndani, weka vitu vyako vyote hapo, sababu ya sinia ni kuwa kama kuna jiwe limelegea likianguka litaanguka humo humo. Alafu gawa mafungu. Dhahabu tupu isiyo na jiwe weka kando, yenye mawe kando, fedha kando, lulu na marijani na kaharabu peke yao, na fungu la mwisho ni la vitu ambavyo hujui ni nini. Hilo fungu la hujui litunze kama laini kuliko yote mpaka mtu anaejua akuambie vingine.

Hatua ya 2: soma muhuri

Fungua kamera ya simu, vuta karibu, angalia ndani ya pete, kwenye ulimi wa kifungio cha mkufu, na kwenye kijiti cha herini. Utaona nambari ndogo. Dhahabu safi ni karati 24. Hizi nyingine ni dhahabu iliyochanganywa na shaba na fedha ili iwe ngumu, manake ya 24 ni laini mno kwa kuvaa kila siku. Karati 22 huandikwa 916, ya 21 ni 875, ya 18 ni 750, ya 14 ni 585 na ya 9 ni 375. Hio nambari inakwambia katika sehemu elfu moja ngapi ni dhahabu yenyewe. Vitu vingi vinavyoletwa na jamaa kutoka Ghuba ni 21 ama 22, vya Kitaliano mara nyingi utakuta 750, na ukiona 375 ujue zaidi ya nusu sio dhahabu, ni halali kuuzwa lakini isiuzwe kwa bei ya 22.

Ukiona herufi GP hio imepakwa dhahabu juu tu. GF ni ganda zito kidogo lililobanwa juu ya madini mengine. Na kitu cha rangi ya dhahabu kilichoandikwa 925 ni fedha iliyochovywa dhahabu. Hivi vyote usivisugue, ganda likiisha limeisha.

Vitu vya zamani vingi havina muhuri kabisa na hio sio dalili ya ubandia, sonara wa mtaani alikuwa anakufulia bangili na neno lake ndio lilikuwa muhuri. Sumaku nayo inasaidia nusu tu, dhahabu haivutwi na sumaku lakini hata shaba haivutwi, kwa hivyo ikivutwa shuku, isipovutwa bado hujajua. Kipimo cha nyumbani ninachokiamini ni cha uzito kwenye maji, na kinafaa tu kwa dhahabu tupu isiyo na jiwe wala uwazi ndani. Tafuta mzani mdogo wa betri unaosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Pima bangili kavu, tuseme ni gramu 20. Alafu weka kikombe cha maji juu ya mzani, rudisha mzani kwenye sifuri, funga bangili kwa uzi mwembamba uishushe mpaka izame yote bila kugusa chini wala ubavuni, hakikisha hakuna viputo vya hewa, usome. Ikisoma 1.13 hivi, gawanya 20 kwa 1.13 utapata karibu 17.7, hio inakaa na karati 22. Dhahabu safi ni 19.3, ya 18 iko kwenye 15 na kitu, fedha ni 10.5, na shaba ya njano iko kwenye 8 na nusu. Ukipata 8 ama 9 kwenye kitu ulichouziwa kama 22 una la kumuuliza muuzaji. Jibu la uhakika zaidi liko kwa sonara mwenye jiwe la kupimia na asidi, ama duka lenye mashine ya mionzi inayosoma madini bila kukwaruza.

Na hili la ngozi kuwa nyeusi chini ya pete, wengi wanakimbilia kusema ni feki. La. Ile shaba na fedha iliyochanganywa ndani hukutana na jasho, chumvi na mafuta ya kujipaka ikaacha weusi, haswa kwenye joto letu hili. Ya 9 na 14 hufanya zaidi kuliko ya 22.

Hatua ya 3: lijue jiwe

Ugumu wa mawe hupimwa kwa skeli ya Mohs, kuanzia 1 mpaka 10, iliyotolewa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812. Almasi ni 10. Rubi na yakuti samawi ni 9. Topazi 8, zumaridi 7 na nusu mpaka 8. Sasa shika hii nambari 7, ni ya kwatzi, na mchanga mwingi ni kwatzi, na vumbi la ndani ya nyumba lina chembe zake. Maana yake jiwe lolote lililo chini ya 7 ukilifuta kavu kwa upindo wa leso unalikwaruza kwa vumbi lililo juu yake, na huku kwetu penye mchanga wa ufuo wa Shela kila mahali hilo ni jambo la kila siku. Dawa ya kuzuia ni nyepesi sana, suuza kwanza ndio ufute.

Mawe ya kwetu Afrika Mashariki yanahitaji maneno yake. Tsavoraiti, ile kijani, ilionwa mara ya kwanza Tanzania mwaka 1967 na mjiolojia Campbell Bridges, alafu ikapatikana huku kwetu Taita Taveta, na jina lake limetoka kwa mbuga ya Tsavo. Ina ugumu wa 7 mpaka 7 na nusu, na uzuri wake mwingine ni kuwa kwa kawaida haipikwi wala haitiwi mafuta, rangi unayoiona ndio yake. Inavaliwa vizuri tu, ila haipendi kugongwa wala moto wa ghafla. Tanzanaiti inatoka Mererani tu, Tanzania, na ile buluu kwa kawaida ni jiwe la kahawia lililopashwa moto. Ugumu wake ni 6 mpaka 7 na lina tabia ya kupasuka likigongwa upande mbaya ama likitolewa kwenye maji moto kuingia baridi. Mimi naona tanzanaiti ni jiwe la herini na kidani, sio la pete ya kukunia nazi.

Zumaridi karibu zote zina nyufa ndogo ndani na hutiwa mafuta kuzificha, ukiloweka kwenye maji moto ya sabuni ama thina mafuta yanatoka na jiwe linaonekana limezeeka ghafla. Rubi nazo, zile za bei rahisi sana, nyingi zimejazwa kioo ndani ya nyufa, na hizo hata limau linakula kile kioo. Kwa hivyo ukiambiwa rubi ni 9 usidhani kila rubi inastahimili, uliza imefanywa nini. Amethisti ya zambarau yaweza kupauka ikianikwa juani muda mrefu. Feruzi inanyonya, mafuta na marashi yanaingia ndani yake na buluu inageuka ukijani.

Lulu iko kati ya 2 na nusu na 4 na nusu, marijani 3 mpaka 4, kaharabu 2 mpaka 2 na nusu. Lulu na marijani ni jamii moja na ganda la kombe, zimejengwa kwa kile kile, na asidi yoyote inavila, iwe limau, siki, ukwaju hata jasho la siku nzima.

Hatua ya 4: kusafisha dhahabu tupu na mawe magumu

Hii ni ya dhahabu tupu, almasi, yakuti samawi, na rubi ambayo unajua haijajazwa. Bakuli la maji ya vuguvugu, yawe ya kunywa kama unaweza manake maji ya kisima yenye chumvi yanaacha doa jeupe, tia matone mawili matatu ya sabuni ya maji ya vyombo. Loweka dakika 15 ama 20. Chukua mswaki wa mtoto, laini kabisa, mpya.

Sasa geuza pete. Watu wote wanasugua juu ya jiwe na uchafu uko chini yake. Angalia kwa nyuma, kwenye kale katundu kalikoachwa wazi ili mwanga upite, utakuta pameziba, kuna utando mweupe wa sabuni, mafuta ya nazi, unga wa mahamri uliokauka, pengine na hina ndani yake. Mwanga ukiingia juu ya jiwe ukakuta ule utando hauwezi kurudi ukang'aa, ndio maana unaona almasi imekufa na wewe umeisugua uso wake mpaka umechoka. Piga mswaki taratibu kwa nyuma, suuza, inua uangalie kwenye mwanga, rudia mpaka uone tundu limefunguka. Suuza kwenye bakuli jingine, sio chini ya mfereji juu ya shimo la maji, hilo nisilirudie. Kausha kwa kitambaa cha pamba ama kitambaa cha miwani.

Dawa ya meno na majivu acha kabisa. Zina chembe za kusugulia na dhahabu ya 22 ni laini, utapata mng'aro wa siku moja na mikwaruzo ya milele. Jiki ni mbaya zaidi, klorini inashambulia yale madini mengine yaliyochanganywa ndani na kuidhoofisha dhahabu, na pale penye makucha membamba yanayoshika jiwe ndipo hupasuka. Pete ivuliwe kabla ya kufua na jiki, na kabla ya kuingia kwenye bwawa la hoteli pia.

Dhahabu nyeupe ina ngozi ya juu ya madini yanayoitwa rodiamu. Ikianza kuonyesha umanjano haijaharibika, ngozi imelika tu, sonara mwenye vifaa anaichovya upya.

Hatua ya 5: vitu laini

Lulu, marijani, feruzi, kaharabu na opali haziloweki. Kitambaa laini kilicholowa maji kidogo tu, futa moja moja, alafu kitambaa kikavu, alafu laza mkufu juu ya taulo mpaka uzi ukauke kabisa kabla ya kuuning'iniza, manake uzi ulolowa unavutika. Lulu ndio ya mwisho kuvaa na ya kwanza kuvua, futa jasho usiku ule ule uliorudi harusini, usiseme kesho. Ukiona uzi umelegea na lulu zinacheza, zitungwe upya kwa uzi wa hariri wenye fundo kati ya kila lulu na mwenzake, ukikatika siku moja utapoteza moja sio zote.

Zumaridi, tanzanaiti na tsavoraiti zinaoshwa kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo, haraka haraka, bila kuloweka. Na ile mashine ya kutetemesha maji iliyoko kwa masonara, sema mapema kuwa hutaki hizi zitiwe humo, haswa zumaridi na tanzanaiti.

Fedha yetu

Lamu ina masonara wa fedha na zile pete zao zilizotiwa vipande vya sahani za zamani za Kichina zinajulikana mbali. Fedha inageuka nyeusi kwa sababu ya salfa iliyoko hewani, na unyevu wa bahari unaiharakisha, kwa hivyo ikikaa bila kuvaliwa ndio huwa nyeusi zaidi. Dawa bora ni kuivaa. Kwa fedha tupu isiyo na jiwe kuna njia ya nyumbani inayofanya kazi kweli: tandika karatasi ya foili ndani ya bakuli, weka fedha juu yake iguse foili, nyunyiza kijiko cha beking soda, mimina maji moto, weusi unahamia kwenye foili. Suuza, kausha. Lakini kama kitu kina nakshi na sonara aliacha weusi ndani ya mistari makusudi ili nakshi ionekane, usifanye hivi, utaufuta ule weusi wote na nakshi itakuwa bapa. Na zile pete za vipande vya sahani usizizamishe, maji yanaingia nyuma ya kipande na kukaa. Wanaume wenye pete za fedha za akiki pia, futa kwa kitambaa cha kusafishia fedha inatosha, akiki yenyewe ni ngumu.

Hatua ya 6: angalia makucha

Hapa ndipo mali inapopotea. Kila mwezi hivi, shika pete karibu na sikio uigonge kwa kidole polepole. Ukisikia kamlio, jiwe linacheza. Alafu pitisha pete juu ya leso iliyochakaa, ikinasa uzi kucha moja imenyanyuka. Angalia kucha kwa kamera, ziwe duara juu na zimelala kwenye jiwe, zikiwa bapa kama zimekatwa zimelika. Kwenye mkufu angalia kile kipete cha mwisho kinachoshika kifungio, ndicho hukatika, na kwa kidani angalia kitundu kinachopita mkufu. Bangili nyembamba za 22 zinazovaliwa nyingi pamoja zinakulana kila siku zinapogongana, pima uzito wake kila mwaka utaona.

Kuvaa na kuvua

Mpangilio wa siku ya shughuli uwe hivi: oga, jipake mafuta, fukiza udi, tia marashi, vaa nguo, dhahabu mwisho. Moshi wa chetezo una mafuta na masizi yanayoganda kwenye mawe, na marashi yanaua lulu na kaharabu. Siku ya hina vua kila kitu, haswa ikiwa kuna piko, ile rangi nyeusi. Na krimu za kujichubua, mbali na kuharibu ngozi, zingine zina zebaki, na zebaki ikigusa dhahabu inaingia ndani yake ikaigeuza nyeupe, hapo unahitaji sonara, usijaribu kusugua.

Baharini usiingie na pete. Maji yanapoza kidole kinasinyaa, mchanga unasukuma, na pete ikiteleza Shela hakuna mtu atakuonea tena. Kukanda unga na kukuna nazi kwenye mbuzi pia vua, pete ya 22 inapinda mviringo wake ukiminya kitu kigumu na ikipinda makucha yanafunguka.

Kuhifadhi

Kila kitu na kifuko chake, manake almasi inakwaruza kila kitu pamoja na almasi nyenzake. Mikufu ifungwe kifungio ndio isijisokote. Fedha inapenda mfuko wa plastiki wa zipu uliotolewa hewa na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja ndani ya viatu vipya. Lulu ni kinyume chake, plastiki inazikausha mpaka zinapasuka, ziwekee kifuko cha pamba. Kijaluba kizuri cha zamani kipambie meza, lakini usikijaze pete kumi ndani zikigongana.

Ukienda kwa sonara

Pima nyumbani kabla ya kutoka, mwambie apime mbele yako, andika gramu na karati kwenye risiti, na upige picha. Ukirudi kuchukua upime tena. Sonara mzuri hakasiriki kwa hili. Mwambie jiwe ni lipi kabla ya moto, tanzanaiti, zumaridi, opali na lulu zitolewe kwanza. Na lehemu iwe ya dhahabu, sio ya risasi, manake risasi ikishaingia kwenye dhahabu siku ya kuyeyushwa inaiharibu na kuifanya ivunjike.

Ukiuza, ujue unalipwa dhahabu tu, ufundi haurudi na mawe madogo mara nyingi yanatolewa kwenye uzito. Gramu 10 za karati 21 zina dhahabu safi gramu 8.75, zidisha hio kwa bei ya siku ya karati 24 ndio uanze mazungumzo. Tola moja ni gramu 11.66 kwa wale mnaohesabu kwa tola. Na kwa zaka, nisabu ya dhahabu, yaani kiwango ambacho zaka inaanzia, ni kama gramu 85, ila mapambo yanayovaliwa wanavyuoni wametofautiana, madhehebu ya Shafi yanasamehe na ya Hanafi hayasamehi, muulize sheikh wako ukiwa na gramu zako mkononi.

Jiwe likianguka

Simama hapo hapo ulipogundua. Usikung'ute nguo, vua taratibu juu ya shuka. Zima taa, laza tochi ya simu sakafuni ili mwanga uende chini chini kando ya sakafu, jiwe litarudisha cheche hata kama ni dogo kama punje ya mchele. Fagia kwa ufagio laini na zile taka zipepetwe kwenye chujio kabla ya kumwagwa. Angalia ndani ya glavu, mfuko wa pochi, mikunjo ya buibui, na bakuli la unga kama ulikuwa jikoni. Na ile pete vua uiweke kwenye mfuko wa zipu, usiivae tena mpaka sonara aione, manake kucha ikishafunguka moja mawe ya pembeni nayo hayana mshiko.